Firigisi Haihesabiwi

Shirere, 9 Agosti 2025

Shangazi Rosebella mpendwa,

Natumai mmeamka vyema huko Mautuma na kwamba kifua cha Anko Osiako kimepoa. Sisi tu wazima. Juzi ulipopiga sikushika, na simu nilikuwa nayo mkononi. Nisamehe. Ikiita mimi huitazama tu mpaka inyamaze. Kuandika ndiko naweza.

Baba ameniambia Weldon mmemtoa shule. Nilishazoea kusikia amelazwa kwa ile selimundu yake, lakini sikuwa nimewaza kwamba kila akitoka hospitali anakuta wenzake wameshavuka, na hakuna wa kumrudishia yaliyompita. Uliomba nimtafutie masomo ya mtandaoni asomee nyumbani. Nimetafuta sana. Moja linataka mtoto awe mbele ya kamera saa mbili kila asubuhi. Hilo nikaliruka, akiumwa atakosa tena. Hili ninalokutumia limerekodiwa. Anasoma anapoweza, anasimamisha, anarudia hata mara kumi na mwalimu hakasiriki. Ulipakue ukiwa sokoni kwenye mtandao mzuri, baadaye halili bando.

Mtoto wa kaka yako,
Awinja

Mautuma, 17 Agosti

Awinja mama,

Salamu zimefika. Kifua cha Anko kimepona, sasa kinachomsumbua ni mdomo. Anasema simu ni mchezo, mtoto husomeshwa na mtu aliyesimama. Amenipa mpaka Krismasi. Weldon asipoonyesha kitu, Januari anarudi bweni. Na unajua baridi ndiyo humwangusha, na kule wanaogeshwa maji baridi alfajiri. Naogopa, mama.

Mwenyewe anayapenda masomo, ila hesabu za sehemu zimemkwama. Mwalimu wa kwenye simu anakata piza. Weldon akaniuliza piza ni nini, nikamwambia ni chapati iliyomwagikiwa mboga. Hakuelewa, na mimi pia sikuelewa. Hebu mweleze wewe kwa sauti. Sauti tu, hakuna atakayekuona.

Shangazi yako

Shirere, 23 Agosti

Shangazi,

Hamjambo? Nimetuma. Nilirekodi nikiwa nimefunika kichwa na blanketi, nikafuta, nikarudia. Nimetumia chapati halisi.

Nikuambie kitu ambacho Mama hajui. Darasani jibu nikilijua huliandika pembeni ya daftari, halafu mwingine analisema, anapigiwa makofi, na mimi napiga pia. Lakini kwenye rekodi sauti yangu haikutetemeka. Nimeisikiliza mara nyingi kuhakikisha ni yangu.

Awinja wako

Mautuma, 21 Septemba

Awinja mama,

Wazima? Usione kimya. Weldon alishikwa vibaya tukalazwa, tumetoka Ijumaa. Alipofika nyumbani hata uji hakungoja, alichukua simu. Ulikuwa palepale alipokuacha, kwenye chapati ya tatu. Akaniambia, "Mama, wameningoja."

Nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Anko bado anasema kusikiliza si kusoma. Wewe tuma nyingine.

Shangazi yako

Shirere, 4 Oktoba

Shangazi, mimi nimekwisha.

Hata salamu leo zimenishinda. Jana nilirekodi somo la kuku, nikabonyeza bila kutazama, likaenda kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu Clifford. Ukoo wote umo. Pasta yumo. Anko yumo.

Nilisema hivi: "Weldon, ingokho, kuku wetu huyu, tumemkata vipande vinane. Watoto mmekula vitatu. Firigisi usiihesabu. Firigisi ni ya baba yako, hata hesabu inaiogopa." Kisha nikaiga Anko anavyokohoa akitaka kukumbusha watu firigisi iko wapi.

Nilipogundua, walikuwa wameshasikiliza. Nazima simu. Mwambie Anko sikukusudia dharau. Na Weldon asirudishwe bweni kwa sababu ya mdomo wangu.

Awinja

Mautuma, 12 Oktoba

Awinja mama,

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi na kumpa Wanjala wa lori la mahindi, pamoja na debe lenu. Nyinyi wazima? Basi keti, usome polepole.

Anko alikuwa uani akianika mahindi ulipoingia kwenye simu yake. Alikusikiliza mpaka mwisho, akarudia. Mimi nilishaanza kutafuta maneno ya kukutetea. Akamwita Weldon.

"Kuku ni vipande vinane, mmekula vitatu. Kumebaki nini?"

"Tano kwa nane, Baba. Na firigisi."

"Hiyo tano kwa nane imezidi nusu au haijafika?"

Weldon alipanga punje za mahindi kwenye turubai, akazitazama. "Imezidi. Kwa kipande kimoja."

Anko akatupa kisogo. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua leo kuna vita. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kilekile ulichokiiga, na Weldon naye akaanguka kwenye mahindi kwa kucheka.

Jumapili iliyopita alichinja. Firigisi akaiweka kwenye sahani ya Weldon, mbele ya wageni, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Usiku akaniambia habari ya bweni niisahau. "Huyo mwalimu aendelee," akasema. "Ila kikohozi amekosea. Mimi hukohoanga mara mbili."

Washa simu. Na Desemba uje.

Shangazi yako

Shirere, 18 Oktoba 2025

Shangazi mpendwa,

Mahindi yamefika, barua imefika, na nimeisoma mpaka Mama akaninyang'anya asome yeye. Sisi wazima sana.

Simu nimeiwasha. Nilitegemea kuchekwa, na kweli nimechekwa, lakini katikati ya vicheko bibi harusi anauliza somo lililobaki liko wapi, mdogo wake naye anasoma nyumbani. Pasta anataka la kujumlisha. Nimerekodi jana, bila blanketi.

Alhamisi niliinua mkono darasani. Sauti ilitetemeka kidogo, jibu halikutetemeka.

Desemba nakuja. Mwambie Anko ile firigisi ya Krismasi tutaigawa sehemu nne, yake, ya Weldon, yako na yangu, na Weldon ndiye atakayeshika kisu. Anko akikohoa, nitasikiliza kama ni mara mbili.

Mtoto wa kaka yako,
Mwalimu Awinja