Gari Limeandikwa TI

Jumapili asubuhi, Bomani. Mvua ya usiku imekatika, mabati ya nyumba ya wageni bado yanadondosha maji, na chai yangu imepoa mezani.

Nina aibu. Niandike hivyo kwanza, nisije nikazungukazunguka. Namwonea aibu hata mhudumu aliyeleta chai, na yeye masikini hajui lolote.

Baba Gati, mume wangu, yuko uani anaosha gari. Amevua shati, ameomba ndoo nyingine ya maji, na namsikia akipiga mluzi. Akifika kwenye zile herufi za nyuma huzifuta kwa kitambaa cha peke yake, kitambaa laini ambacho zamani kilikuwa leso yangu. Herufi zenyewe mbili tu: t na i.

Gari ni Giulia, la Kiitaliano, milango minne, jeupe. Shirika analofanyia kazi lilimpa alipopandishwa cheo kule Mwanza. Lilikuwa la injinia Mwitaliano aliyejenga barabara kisha akarudi kwao. Huyo Mwitaliano alimfundisha Baba Gati maana ya majina yote, naye ananifundisha mimi kila tukisafiri, kama katekisimu. Kuna Giulia tupu, haina neno nyuma, ya mtu wa kawaida. Juu yake kuna TI. Juu ya TI kuna Super, na usidhani ni ile supa ya kituo cha petroli, hapana, ni cheo. Kuna magari mengine yameandikwa Veloce, yaani yenye mbio. Na juu kabisa kuna lile lenye jani la kijani ubavuni, jani la vipande vinne, ambalo dereva mmoja wa mashindano wa zamani alilichora kwenye gari lake kutafuta bahati. Hilo Baba Gati hulitaja kwa sauti ya chini, ungedhani anasali.

Siku moja nilimwambia, nchi nzima tunaitana ndugu, kumbe magari yenyewe yana vyeo? Alicheka sana. Na mimi nilicheka. Tulikuwa tumefunga vioo vumbi lisiingie.

Basi jana tulikwenda Nyanungu kwa mama.

Mama amehamishwa mwaka huu pamoja na wenzake. Wametolewa kwenye miji yao ya zamani kule mlimani, wakapangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba yake mpya ilikuwa na paa la nyasi, lakini kuta zilikuwa fito na kamba tu. Analala kwa mama mdogo Robi, mdogo wake, chumba kimoja na mbuzi. Akanitumia salamu: Jumamosi akina mama wanakuja kumkandikia nyumba kabla mvua kubwa hazijaanza, na mimi binti yake wa kwanza nisikose. Nikajibu nitakuja. Nilisema nitakuja kukandika. Nililisema mwenyewe, kwa kinywa changu hiki hiki.

Nikatia khanga ya kazi kwenye mkoba. Mpaka leo asubuhi ilikuwa humo, imekunjwa vilevile nilivyoikunja Mwanza.

Tulifika manyunyu yameanza na uwanja wote ni tope. Baba Gati alisimamisha gari mbali kidogo na nyumba, kwa heshima, maana kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani, hata kama mkwe mwenyewe amekuja na sukari na blanketi. Akashuka upande wake, akaenda kuwaamkia wazee waliokuwa wamejikinga kwenye baraza la jirani. Mimi nikabaki ndani.

Nilijiambia, manyunyu yakipungua nitashuka. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Nywele zilikuwa zimetengenezwa juzi tu. Jamani, haya ni mambo ya mtu mzima kuyaandika? Lakini ndiyo yaliyonizuia, sina mengine.

Akina mama walikuwa kazini hasa. Wengine wanakanyaga udongo kwa miguu, wengine wanapiga madonge ukutani, pa, pa, wimbo juu. Nikawaona ni wazuri. Nikachukua kamera ya Baba Gati kiti cha nyuma, nikashusha kioo kiasi cha kutoa mdomo wa kamera, nikapiga. Mama akageuka. Akainua mkono wake wenye tope, kiganja kinatazama chini, vidole vinachezacheza. Nikasema moyoni, lo, mama naye anajua kujipanga kwa picha! Nikapiga tena.

Alikuwa ananiita.

Mkono ule umeniita utoto wangu wote. Umeniita nije kula, umeniita nije kuchapwa, sijawahi kuukosea. Jana nilishindwa kuusoma kwa sababu niliutazama kwenye kamera. Na mama asingeweza kuja mwenyewe, gari lile ni la mkwe, hawezi kulisogelea. Mimi ndiye niliyetakiwa kuvuka ule uwanja. Akasimama pale na donge mkononi ananingoja mimi, na mimi nangoja manyunyu.

Watoto nao walikuwa wamelizunguka gari. Mmoja wa shule akasoma kwa sauti: ti! Wakaangua kicheko. Nyeupe ni pe, nyeusi ndiyo ti, kila mtoto anajua, sasa hili jeupe pe limeandikwaje ti? Hata wazee wakacheka. Mmoja akamuuliza Baba Gati, "Mura, kijana wetu, hao waliokuuzia hawakuiona rangi?"

Baba Gati hapendi gari lake lichekwe. Akasimama katikati ya wazee akaeleza kwa sauti ya mkutanoni kwamba hizo ni herufi za Kiitaliano, Turismo Internazionale, na kwa Kiswahili ni utalii wa kimataifa. Kwamba hili si gari la kwendea sokoni, ni gari la mtu wa kuvuka nchi na nchi.

Neno utalii likafika mpaka ukutani. Watalii akina mama wanawajua. Upande wa Serengeti wanapita kila kiangazi, wanatoa kamera dirishani, wanapiga twiga, wanapiga simba, wanapiga na watu waliosimama kando ya njia, halafu hao, wanakwenda zao. Mama mdogo Robi akanyoosha kidole chenye tope, akanionyesha mimi na kamera yangu.

"Kumbe ndiyo maana! Huyu siyo Bhoke wetu, huyu ni mtalii!"

Walicheka mpaka wimbo ukakatika. Mmoja akauliza, sisi tumekuwa pundamilia au nyumbu? Hilo ningelivumilia. Utani wa kwetu ni mkali na mimi nimeukulia. Aliyenimaliza ni mama, maana yeye hakucheka. Aliwageukia wenzake akanitetea, kwa upole kabisa.

"Mwacheni. Gari limeandikwa. Watalii hawashuki, wanakatazwa. Wanaogopa kuliwa."

Nikafungua mlango.

Nilivuka ule uwanja na viatu vyangu vyeupe, tope likanifika kwenye vifundo vya miguu, na wala halikuwa jambo kubwa. Ningeweza kulivuka tangu mwanzo. Nikasema, shikamoo mama. Akaitikia marahaba, akakunja kiganja chake, akanipa kifundo cha mkono nishike, vile tunavyompa mgeni mkono ukiwa mchafu asije akachafuka.

Mgeni! Mtoto wake angekishika kile kiganja na tope lake lote. Mimi nilishika kifundo.

Ukuta ulikuwa umekwisha. Kilibaki kipande kimoja tu kando ya mlango, ukubwa wa ungo, fito zinaonekana na mwanga unapita hadi ndani. Mama mdogo Robi akaninong'oneza, safari hii bila utani hata kidogo, kwamba mama aliwakataza wasikiguse. "Alisema hicho cha Bhoke. Amekuita wee, hukumwona?"

Nikainama nichote udongo. Kweli niliinama, simdanganyi mtu hapa. Ndipo honi ikalia. Baba Gati alikuwa anaonyesha mlimani, mvua kubwa inashuka, mto ukijaa hatuvuki. Na alisema kweli, mvua ilikuwa inakuja, niliiona. Nikamtazama mama.

"Nenda mwanangu. Mkwe asije akalala njiani."

Na mimi nikaenda. Nikaenda, jamani! Nilirudi ndani ya gari, mikono yangu haina tope hata chembe.

Mvua ilitukuta njiani. Usiku imepiga mabati ya hapa mpaka nikakaa kitandani, kwa sababu nilijua inaingilia wapi kule Nyanungu.

Baba Gati simsingizii. Yeye alishika desturi, aliamkia wazee, alileta sukari, na kwa mama mkwe hakuwa na ruhusa ya kwenda. Mwenye ruhusa nilikuwa mimi. Gari nalo halina kosa. Waitaliano waliolitengeneza waliliandika hivyo kulisifu, wawaambie watu linafika mbali, na ni kweli linafika mbali. Herufi zile hazikuwa na maana yoyote kijijini kwetu. Watu walishazicheka zikaisha. Mimi ndiye niliyekaa dirishani nikazipa maana.

Mkataa kwao mtumwa. Shuleni niliimalizia methali hiyo na kupata vema. Mwalimu hakuniambia kwamba mtu anaweza kukataa kwao bila kufungua kinywa, kwa kuogopa tu viatu vyake.

Nimemuuliza mhudumu. Anasema kuna lori linakwenda Nyanungu mchana huu kuchukua mahindi, na dereva hana ubaya, anapakia watu juu. Khanga ya kazi nimeshaivaa. Viatu vyeupe vimekauka na tope lake, nimeviacha chini ya kitanda. Kamera nimemwekea Baba Gati mezani. Zile picha akitaka azisafishe, asitake basi, mimi sitaki kuziona.

Ananiita kwa honi tena. Gari linang'aa, anataka tuiwahi barabara ya Mwanza. Nitashuka nimwambie kwamba siendi naye, atangulie, nitakuja na basi kazi ikiisha. Atauliza kazi gani, kipande kidogo vile? Atasema Robi si yupo? Najua atasema. Na kusema kweli simwogopi yeye.

Namwogopa mama. Huenda leo alfajiri amechoka kuliona lile tundu, akalikandika mwenyewe, na nikifika nitakuta alama za vidole vyake mahali palipokuwa pangu. Au huenda bado amelilinda hivyohivyo, na udongo wa ndani umelowa kwa ajili yangu. Sijui kipi ni kibaya zaidi.

Nitauvuka ule uwanja peku. Nitaamkia kama jana, nitanyoosha mkono kama jana. Je, mama atanipa kiganja, au atanipa tena kifundo?