Safu ya Sita

Jumatatu, 3 Machi

Kijino amecheka sasa hivi kabla sijamtekenya. Nimeinua kidole tu, tumbo lake hata sijaligusa — kajikunja, kaangua kicheko. Nimeinua tena, kacheka tena. Miezi tisa na jino moja, ananijua kuliko ninavyojijua.

Na kazini nako vivyo hivyo! Bamba langu limekubali. Daktari (huyu wetu ni wa mawimbi, sindano haijui) katuita mimi na Bi Kibano, fundi mwenzangu, kwenye skrini. Mistari miwili. Wa bluu ni wimbi linaloingia kwenye bamba, mwekundu ni linalotoka. Tangu nianze kibarua hapa, kilele chekundu kinachelewa tu. Leo kimetangulia. Kimetoka kabla kile cha bluu hakijaingia! Nikauliza kama ni uchawi. Akasema hapana, wimbi huanza kidogo kidogo, na zile pete za shaba tunazobandika kwenye bamba zinausoma ule mwanzo, zinajenga kilele mapema. Ila linatoka limefifia, na ule mwanzo wenyewe haupitwi. Nikamwambia ni kama mwanangu anavyouona mkono unakuja. Kafurahi mpaka kaandika ubaoni. Kasema ataomba nitolewe ukibarua, niajiriwe kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Bi Kibano kamaliza bamba la pili, mchoro ule ule. Limechelewa. Wamelipima mara tatu, limechelewa. Daktari hakugomba. Kazima skrini, kaondoka. Bi Kibano ana miaka sita anashika kibano, ndiye aliyenifundisha kubana pumzi kabla ya kuweka pete. Kanitania kwamba sasa mwalimu ni mimi, yeye atakuwa ananibebea mkoba. Sikuweza kucheka.

Alipotoka kula nikalitoa bamba langu kabatini, nikaliweka chini ya lenzi. Kila pete ina mwanya. Mchoro unataka mianya yote itazame juu. Safu ya sita inatazama chini. Pete arobaini, zote!

Nimekumbuka. Jumatano moja jirani anayenilelea mtoto alipiga simu, Kijino anachemka homa. Nikatoka kuongea, nikarudi, nikaliweka bamba kichwa chini miguu juu. Safu nzima nikaibandika huku machozi yananitoka. Kesho yake nikaliweka sawa kama kawaida, sikujua kwamba safu ile imepinduka.

Jumatano, 5 Machi

Wageni wa chuo kikuu wanakuja kesho. Daktari atawapa mchoro wakatengeneze kwao. Kaniambia pembeni kwamba macho ya Bi Kibano yamechoka, kuanzia wiki ijayo apumzike. Kupumzika huko tunakujua.

Sijasema. Nimefika mlangoni kwa Daktari mara mbili. Ya pili nikajifanya naulizia gundi.

Alhamisi, 6 Machi

Niko kwenye benchi la korido. Wageni wako ndani na Daktari. Bi Kibano yuko pembeni yangu, anafuta miwani. Ndiyo kwanza nilikuwa navuta pumzi nimwambie — kanijibu kabla.

“Ni safu ya sita, mwanangu. Niliiona tangu Jumatatu. Wewe nyamaza, una mtoto.”

Tangu Jumatatu! Bamba lake kalilinganisha na mchoro pete kwa pete, halina kosa. Kakubali kuitwa kipofu kwa ajili ya Kijino. Nikamuuliza kwa nini. Kasema macho yake kweli yamechoka, lakini kuona anaona.

Najaribu kufikiri. Kosa ni langu, na kosa ndilo lililofanya kazi. Wageni wakifuata mchoro, la kwao litachelewa kama la Bi Kibano, na Daktari ataonekana mwongo. Huenda akinisikia atafurahi, amepata jibu. Huenda akanifukuza. Huenda yote mawili, na siku moja.

Nina nakala ya mchoro mapajani. Safu ya sita nimeizungushia kalamu. Bi Kibano kaiona, kanishika kiwiko, kanibana kweli. Nimekitoa taratibu.

Mlango umefunguka. Daktari anasema, “Mama Kijino, njoo uwaoneshe ulivyolitengeneza.” Anatabasamu. Nikiingia tu, hata kabla ya salamu, nasema: Daktari, lile bamba halikufuata mchoro, safu ya sita nili— Ananiita tena, naingia.