Trela ya ubatizo inaunguza gurudumu, na mjukuu wangu anaambiwa atubu

Mama mshauri, nakusalimia katika jina la Bwana, na usichelewe kunijibu kama ulivyomchelewesha yule mama wa juzi. Miye nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu lakini mkono huu ni wangu, hakuna mtu ananiandikia, na kichwa kimenichanganyika mpaka nasahau chumvi kwenye maharagwe.

Hapa kwetu Nakivale kanisa liko na trela, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili ambayo wazungu wanaivuta nyuma ya gari wanakwenda kulala porini. Wazungu wenyewe walichoka nayo wakatuachia, sasa tunaivuta na pikapu ya Laurent, mwalimu wa kwaya, tunapakia vyombo tunakwenda kuhubiri Mbarara. Na siku ya ubatizo inakwenda ziwani. Zamani bamama walitoka majini nguo zimewashika mwili, vijana wanakodoa macho, aibu mingi, njo miye nikatoa akili: Laurent airudishe trela nyumanyuma mpaka ndani ya maji, mlango uangalie ziwa, mama akizamishwa apande moja kwa moja abadili nguo. Kila mtu alisifu. Hata mchungaji alisema kama miye, bibi wanayemwita Koko Kanyange, ningekuwa mwanaume ningekuwa mzee wa kanisa.

Sasa sikia. Tukienda sokoni na hiyo trela, hakuna neno. Tukitoka kubatiza halafu tukashika safari, gurudumu linakufa. Mara ya kwanza lilitoa moshi njia ya Mbarara, fundi akatoa beringi imevunjika, ile pete ya vigololi ndani ya gurudumu, akatia mpya. Ubatizo uliofuata, gurudumu lilichomoka lenyewe, likatupita, likaingia kwenye ndizi za watu, na Laurent anacheka, "Angalieni, gurudumu la nani hilo?" kumbe ni letu. Na juzi, baada ya kubatiza wasichana, tukiwa tunakwenda Bwizibwera, habu, kile kichwa cha chuma ambapo gurudumu linafungwa, iliungua ikapasuka, trela ikalala ubavu. Fundi alipofungua upande wa pili, grisi imegeuka nyeupe kama maziwa. Mzee wa kanisa, Grégoire, akasema ni ishara, kuna mtu aliingia majini na dhambi ya kuficha. Nikamwambia, "Grégoire, sisi ni wafugaji, tangu lini maziwa yakawa mkosi?" Akanijibu, "Koko, wewe unajua ng'ombe, mambo ya roho utuachie."

Wakatafuta nani alitoka majini wa mwisho. Ni Munezero, mjukuu wangu, nimemlea tangu tukimbie Kivu, na alikuwa anaolewa na Elisée. Sasa nyumba ya Elisée wamesimamisha ndoa, wanasema Jumapili asimame mbele ya kanisa atubu, la sivyo posa imekufa, na Elisée mwenyewe anaangalia viatu vyake tu. Nimemuuliza msichana kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, nimemwonyesha fimbo, jibu ni lile lile: "Koko, nitubu nini? Unitajie basi, nitasema." Sijui kama yeye ni mwongo ama miye ni mjinga, na mjinga siko. Nimkaze mpaka aseme? Ujibu mbele ya Jumapili.

Koko Kanyange, Base Camp, Nakivale

JIBU

Koko Kanyange, umeandika barua nzima ukitafuta aliyeharibu gurudumu, na katikati yake umejitaja mwenyewe.

Trela ikikimbia kwenye barabara ya vumbi, habu inapata moto. Mnafika ziwani, hamuiachi ipoe, mnaizamisha kwenye maji baridi. Chuma cha moto kikipoa ghafla kinavuta maji, yanapenya kwenye mpira unaoziba nyuma ya habu, yanachanganyika na grisi. Hayo ndiyo maziwa yako. Grisi iliyokunywa maji hailindi kitu: beringi inashika kutu, inasagika, inaungua. Sokoni hamwingii majini, ndiyo maana sokoni hakuna neno. Nilimuuliza fundi wa hapa Mbarara, hakungoja hata nimalize.

Kulinda heshima ya wanawake sikulaumu. Nakulaumu kwa fimbo. Mtoto uliyemlea anakuomba umtajie dhambi ili aiseme, nawe unaniuliza kama umkaze zaidi? Ungemkaza angesema, Koko. Angetaja chochote, kanisa zima lingeamini, na ubatizo unaofuata gurudumu lingeungua vilevile.

Trela isiguse maji tena. Ibaki ukingoni, bamama washike turubai kutoka mlangoni hadi ziwani, wanaotoka wapite katikati. Magurudumu yote mawili yafunguliwe, si lile lililokufa tu, yaoshwe kwa mafuta ya taa, yakauke, yatiwe beringi, mpira na grisi mpya. Njiani Laurent asimame aguse habu kwa mkono. Ikimchoma, safari imeishia hapo.

Jumapili Munezero abaki amekaa. Simama wewe, na usianze kwa kugombeza watu. Sema trela iliingia ziwani kwa akili yako, na ueleze maji yamefanya nini. Mzee Grégoire akibisha, mpeleke kwa fundi akaone. Ila kabla ya hayo yote, leo, mwombe msichana radhi. Najua hujazoea. Fanya hivyo hivyo.

Na nyumba ya Elisée wakija kusema ndoa iendelee, usiwajibu wewe. Muulize Munezero kama bado anamtaka mwanaume aliyenyamaza wakati yeye anasingiziwa, na atakachosema, chochote kile, ndicho uwapelekee.