Tulikimbia Bila Vita

Jumanne, 5 Februari

Wamama kumi na mmoja leo. Nimehesabu mapigo ya kila mmoja kabla ya mazoezi, kisha baada. Vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, macho kwenye saa, mdomo umefungwa. Kufikia wa mwisho kichwa kinauma.

Wiki ya tatu ya staji, mazoezi yangu ya kazi. Ukumbi wetu hapa mjini Baraka ni depo ya zamani ya pamba, na vumbi la pamba bado linatoka ukutani. Vyuma vya kunyanyua ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Kuna ekseli ya lori kwa wenye nguvu. Mwenye ukumbi ni Mwalimu Asende, ndiye pia msimamizi wangu. Alifundisha gimnastiki mpaka shule yake ikafungwa. Vijana wanakuja jioni, wamama asubuhi ya Jumanne na Alhamisi. Mimi nachunguza wamama: je, mazoezi yanapunguza msongo wa mawazo? Profesa anataka kurasa arobaini.

Maswali yake yananiaibisha. Swali la tano: Je, huwa una wasiwasi bila sababu? Mama Sifa, anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni, aliniangalia kana kwamba mimi ni mgonjwa.

«Bila sababu? Ni nani huyo hapa Baraka iko na wasiwasi bila sababu?»

Wote wakacheka. Nikacheka nao. Nafasi ya jibu nimeiacha wazi.

Alhamisi, 7 Februari

Moyo wa Mama Sifa unapiga mara mia na mbili kwa dakika, naye amekaa tu. Nimerudia mara tatu. Ni ule ule.

Nilimfuata nyumbani kumalizia maswali ya usingizi. Mjane. Mumewe aliuawa mwanzoni mwa vita hii ya pili, ambayo sasa iko mwaka wa nne. Amebaki na mtoto mmoja, Sifa, miaka saba. Kando ya mkeka wa mtoto kuna furushi dogo: kikwembe cha kujifunika, chumvi, kikombe. Nikauliza ni la nini. Mama akamwambia mtoto anieleze, naye akasema yote bila kupumua, kama anasoma sala. Vita ikija na mama hayupo, asimngoje. Ashike mkono wa Bibi Alonda, jirani. Waende ziwani kwenye mitumbwi, si milimani. Asirudi na mtu yeyote isipokuwa mama mwenyewe, hata wakimwambia kumetulia.

Kila nyumba hapa ina mpango wake. Wengine wana mlima, wengine parokia. Sisi kijijini kwetu Lubondja tulikuwa na shamba la babu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Vita ilinikuta Bukavu kwa shangazi, nikabaki huko nasoma.

Jioni nimemkumbusha Mwalimu kwamba mpango wa profesa unadai dakika ishirini za kukimbia nje. Akatikisa kichwa. «Hapa hatukimbiake inje.» Ndiyo maelezo yote aliyotoa. Uzee huo. Nimekasirika.

Jumamosi, 9 Februari

Barua ya profesa imefika na msafiri kutoka Uvira. Mistari mitatu ya kukumbusha. Bila mbio za nje utafiti wangu haufai, na bila utafiti hakuna diploma mwaka huu.

Mwalimu ameondoka alfajiri kwenda Lulimba kumzika kaka yake. Atakaa siku nane, labda kumi. Ameniachia ufunguo. Hajui habari ya barua.

Daftari hili silidanganyi: nimefurahi kwamba hayupo.

Jumatatu, 11 Februari

Nimepima njia kwa hatua zangu. Kutoka depo, barabara kuu, kupita soko na shule, mpaka darajani na kurudi. Dakika ishirini kwa mwendo wa wamama. Nimeazima filimbi.

Jumanne, 12 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Tulitoka saa moja asubuhi. Wamama kumi na mmoja, vikwembe vimekazwa kiunoni, mimi nyuma na filimbi. Kabla ya kutoka Mama Sifa aliuliza kama Mwalimu anajua. Nikasema anajua. Mwanzoni walikimbia kwa aibu, wakicheka. Kisha wakakolea. Nikapuliza filimbi kuwatia moyo.

Karibu na soko muuza mihogo mmoja alitutazama. Hakuuliza kitu. Alimfunga mtoto mgongoni, akaacha mihogo, akaondoka mbio. Kisha wa pembeni yake. Mimi nikadhani wanatupisha. Kweli, nilidhani hivyo! Mwenye pikipiki akageuza akarudi alikotoka. Milango ikafungwa. Shule ikamwaga watoto barabarani. Bado nilikuwa napuliza. Hakuna aliyepiga kelele, na nadhani ndiyo maana sikuelewa mapema. Watu wa hapa wamezoea kukimbia kimya.

Nikageuka. Nyuma yetu watu wengi mno, magodoro kichwani, wazee wanavutwa mikono. Wamama wangu wakawaona pia. Mazoezi yakaisha hapo. Kila mmoja akakimbia kweli, upande wa nyumba yake.

Na mimi nikakimbia. Mimi niliyeanzisha mbio zile, niliamini kwamba vita imefika. Nilijilaza katika shamba la mihogo nyuma ya parokia mpaka jua likawa utosini. Saa ya mkononi aliyonipa shangazi imepotea. Nilijikojolea.

Haikulia risasi hata moja.

Jumatano, 13 Februari

Mji unarudi kidogo kidogo. Wengine wanacheka, cheko la uchovu. Mzee mmoja amevunjika mkono. Vitu vimeibiwa.

Mama Sifa alifika kwake jana akakuta mlango wazi. Mtoto hayupo, furushi halipo. Bibi Alonda naye hayupo. Leo nimezunguka naye ufukweni tangu asubuhi. Mvuvi mmoja aliwaona wakipanda mtumbwi, bibi kizee na mtoto wa kike ameshika mkono wake. Mtoto hakulia, alisema mvuvi, alipanda kama mtu mzima.

Mama Sifa alikaa kwenye mchanga. «Alifanya vile nilimufundisha.» Basi. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Ijumaa, 15 Februari

Habari kutoka ng'ambo ya ghuba, kule kwenye rasi ya Ubwari. Mtumbwi ulifika salama. Lakini huko walikuta boti inavuka kwenda Tanzania, na Bibi Alonda hakutaka kungoja kusikia kama ni kweli au uongo. Wamepanda. Sasa wako kambini ng'ambo ya ziwa, au njiani, au ndani ya maji. Hili la mwisho hakuna aliyelisema.

Nimemwambia Mama Sifa tutume barua na wafanyabiashara, mtoto arudishwe. Akaniangalia kwa subira.

«Hatakuja. Nilimwambia asifwate muntu. Ni mimi tu.»

Basi lazima avuke mwenyewe. Na hawezi. Tangu jana wanajeshi wanaoushika mji wamefunga ufuko. Mkubwa wao ametangaza: hakuna chombo kitakachovuka mpaka ajulikane aliyeanzisha zile mbio. Anasema ni kazi ya adui, kuwatoa watu mjini apate kuingia.

Ninajua nani aliyeanzisha. Naogopa sana.

Jumapili, 17 Februari

Kanisani wametangaza tena. Anayejua ajitokeze. Wamama wote kumi na mmoja walikuwemo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo upande wangu. Mama Sifa alikuwa benchi la mbele. Neno moja lake lingetosha kufungua ziwa. Hakulisema. Nami nimeimba mpaka mwisho.

Mimi ni mwoga. Neno hilo naliandika nilione limeandikwa.

Jumatatu, 18 Februari

Mwalimu amerudi, vumbi la Lulimba mpaka kwenye nyusi. Habari ilimkuta njiani. Aliniuliza swali moja.

«Ulibapitisha mu barabara?»

Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia kwamba nilitumia jina lake. Alivua kofia akaivaa tena. Akanawa uso, akabadili shati, akaenda kwa wanajeshi. Kabla ya kutoka alisema ukumbi ni wake, kwa hiyo kosa ni lake.

Hajarudi. Kwa muda wa kama saa nzima nilihisi raha. Sitajisamehe hiyo saa.

Jumatano, 20 Februari

Wamemweka Mwalimu katika kontena, siku ya tatu. Wanamtaka aseme nani alimtuma. Mke wake anapeleka bugali, wanampokonya mlangoni. Ufuko bado umefungwa, maana hawaamini kwamba mtu anaweza kukimbiza wamama kwa ajili ya afya.

Kesho nitaenda. Nimeandika hapa ili nisije kubadilika.

Alhamisi, 21 Februari

Nimekwenda.

Nilibeba daftari la utafiti kama ushahidi. Kosa lingine. Mkubwa alifungua ukurasa wa namba: themanini na nne, mia na mbili, tisini, mia na thelathini. Akauliza hii ni lugha ya nani. Nikasema ni mioyo ya wamama. Askari wawili wakasogea karibu.

Nikamwambia naweza kumwonyesha. Akavuta kiti, akanyoosha mkono wake mezani kama anayenitega. Akaniazima saa yake mwenyewe. Nikaweka vidole. Mkono mzito, baridi. Moyo wake ulipiga mara mia na kumi na nane, naye amekaa tu. Kijana huyo hanizidi miaka kumi. Nikamwambia sabini na sita. Nikamwambia ni moyo wa mwanamichezo.

Akaridhika. Akawatazama askari wake wasikie.

Kisha akanitukana kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya matusi ilikuwa haki yangu. Daftari amelichukua. Ukumbi umefungwa mpaka neno lingine. Mwalimu wamemtoa jioni, mguu mmoja hauukanyagi vizuri. Tulitembea naye polepole mpaka kwake. Mlangoni aliniambia nikalale, kama anavyoniambia kila jioni.

Jumatano, 27 Februari

Ufuko bado. Mkubwa amesema atafungua, kisha akasafiri. Hakuna mwingine mwenye ruhusa. Mama Sifa anakwenda pale kila asubuhi, anakaa na ndakala zake, anauza kidogo, anatazama maji. Nakaa naye. Hajawahi kuniambia niondoke.

Leo aliniuliza kama watoto wa kambini wanapewa blanketi. Nikasema wanapewa. Sijui kama wanapewa.

Ijumaa, 1 Machi

Wamefungua. Boti ya kwanza imeondoka mchana na Mama Sifa yumo. Nilitaka kwenda naye. Akakataa kwa kidole. «We bakia. Kama Sifa anapitia njia ingine, atakuta nani hapa?»

Nina ufunguo wa nyumba yake. Nimefagia.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya tisa. Hakuna habari. Upepo ulivuma vibaya Jumanne, na wavuvi wanataja boti moja iliyopinduka upande wa kusini. Wengine wanasema ni ya mizigo tu. Nimeuliza kila anayeshuka. Nalala kwenye mkeka kwa Mama Sifa, nguo nikiwa nimezivaa. Zamani ningeandika: usingizi, saa mbili.

Nimejaribu kuandika ripoti kwa kichwa, bila daftari. Nilifika kwenye neno Matokeo. Nikachana. Nimemwandikia profesa ukurasa mmoja: niliwapitisha wamama kumi na mmoja barabarani katika mji wenye vita, mji wote ukakimbia, mtoto mmoja amepotea, Mwalimu aliniambia mapema nami sikumsikiliza. Diploma itakuwa vile itakavyokuwa. Sina uchungu nayo leo. Labda kesho.

Alhamisi, 14 Machi

Wamerudi.

Boti ya wauza samaki, mchana. Sikuwaona wakishuka, nilikuwa kisimani. Nilirudi nikakuta mlango wazi na Sifa amekaa kizingitini, amenyolewa kichwa, amekonda. Ndoo iliniponyoka. Nililia kwa sauti, mtoto akanishangaa.

Bibi Alonda amebaki kambini. Amesema hatakimbia tena maishani, basi heri akae huko ambako tayari amekimbilia. Mama Sifa alizunguka siku sita kabla ya kuwapata. Watu wawili wa Baraka walikuwa wamemsihi mtoto arudi nao. Alikataa wote wawili.

Mama Sifa aliniambia niingie, nikae. Alikuwa anasonga bugali. Akataka mimi mwenyewe nimweleze mtoto. Nikamweleza. Haikuwa vita. Yalikuwa mazoezi. Mimi ndiye niliyewakimbiza wamama barabarani, na nilikosea, naomba unisamehe. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mama yake, si mimi.

«Mama, siku ingine nitajua aje kama ni ya kweli?»

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mama Sifa aliniangalia.

«Hautajua,» akasema. «Ukiona bantu banakimbia, na weye kimbia. Usiulize.»

«Sawa na ile siku?»

«Sawa na ile siku. Ulifanya muzuri.»

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Tulikula sisi watatu sahani moja, mchuzi ulikuwa mwembamba. Nikaosha vyombo, nikamrudishia Mama Sifa ufunguo wake, nikatembea mpaka kwa Mwalimu kumwambia kwamba wamerudi.