Nani Kamchongea Mama?

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima huko? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa kila baridi ikishuka? Na unakula? Maana wewe tangu utoto ukiwa na mawazo chakula hukigusi. Sisi tunamshukuru Mungu. Miguu ya Mama imevimba kidogo ila anatembea, na ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu simu yako inaita haipokelewi, na ujumbe wangu unasomwa haujibiwi. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nimeona.

Kuna jambo. Ule msaada wa wazee, anaoupata Mama tangu marehemu Baba atutoke, umesimamishwa. Maofisa walikuja kufanya uhakiki upya mtaa mzima: kitambulisho, cheti cha kifo cha Baba, picha ya nyumba mbele na nyuma, hata sufuria za jikoni walizichungulia. Halafu wakapita kwa majirani kuuliza kama kila mtu anaishi anavyosema. Jina la Mama likarudi na maelezo kwamba ana mtoto ng'ambo anayemtunza, kwa hiyo hastahili. Dawa zake za presha na za sukari zilikuwa zinatoka humo humo, unajua. Zilizobaki hazitavuka mwezi huu.

Nikajiuliza, nani kamchongea? Unanijua mimi, nikishuku sina usingizi. Nikamtazama Mama Vifungo, yule fundi wa nguo wa ukuta wa pili, ambaye dirisha lake linaangalia mlango wetu kutwa nzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu ndiye anayetushonea hizo nguo! Nikamvaa asubuhi mbele ya wateja wake. Akatoa pini mdomoni, moja moja, bila haraka.

"Niliulizwa," akasema, "nikajibu ninachoambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Kaulize kwenu."

Lo! Jibu hilo lilinipandisha wazimu. Nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki, nikaondoka.

Sasa usikasirike, lakini hapo nikakugeukia wewe. Nikasema labda kweli unatuma, unapitishia mlango wa nyuma, na Mama ananificha. Siku alipokwenda kliniki nikapekua chumba chake: chini ya godoro, ndani ya ndoo ya unga, hata mifuko ya koti la Baba. Niliambulia peremende na miwani iliyovunjika mguu. Senti sikuona.

Basi Jumatano tukaenda ofisini kukata rufaa. Nilikuwa na bahasha nene kama tofali: barua ya daktari, vyeti, picha, barua ya ofisi ya mtaa. Afisa ustawi ni mama wa makamo, anaongea taratibu, anakuvutia kiti mwenyewe. Upole ule nikaushuku. Serikali ikikuvutia kiti, jua kuna kitu! Lakini kila alichodai nilikuwa nacho, akawa anaitikia kwa kichwa kwamba sawa, sawa. Mwisho akamgeukia Mama.

"Mama, huyu mwanao aliye mbali anakusaidia?"

Nikatabasamu. Jibu nalijua. Mama akanyoosha mgongo.

"Ananisaidia sana, mwanangu. Hata mwezi mmoja hajanisahau."

Mdogo wangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, ule ule uliovimba, Mungu anisamehe. Wala hakushtuka! Akaanza kutaja: blanketi la bluu, viatu laini vya kutembelea, redio ya kando ya kitanda. Vitu hivyo nimenunua mimi, kwa mshahara wangu wa kufua mashuka ya hospitali. Kumbe mtaa mzima unajua ni vyako. Mama Vifungo wa watu hakuongopa.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni nikalipuka: kwa nini, Mama, na dawa zako je? Akakaa kitandani, akavua viatu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wewe ukinitunza hakuna anayeuliza, upo, wanakuona. Yule wakijua kanyamaza watasema sikuzaa mtu. Siwezi kumvua nguo mwanangu mbele ya serikali."

Nililia. Nililia kwa hasira na kwa wivu pia, mbona nikufiche.

Jana nilikwenda kumwomba radhi Mama Vifungo. Aliniacha nimesimama muda mrefu kidogo, kisha akanipa kigoda.

Yule afisa naye nilimdhania vibaya. Tulipokuwa tunatoka alinivuta kando, akaniambia ameelewa, lakini maneno ya Mama yameshaandikwa na yeye hana ruhusa ya kuyafuta. Anachoweza kupokea ni maelezo yako mwenyewe, yenye saini yako, kwamba humtumii chochote. Yafike kabla mwezi huu haujaisha. Yasipofika, faili linafungwa.

Nilipomweleza Mama, alinikataza katakata nisikuombe kitu kama hicho. Anasema akiiona karatasi hiyo ataichana kwa meno. Ndiyo maana naandika huku nimejifungia uani.

Sijui una nini huko. Umekosa kazi? Umeoa ukaona haya kutuambia? Umefungwa? Umetuchoka? Yote nimeyashuku, na hakuna hata moja lisiloniuma. Kama huna kitu, ndugu yangu, sema huna. Kutokuwa nacho si dhambi. Tutakusitiri.

Kwa hiyo chagua. Tuma saini yako, au yafanye maneno ya Mama yawe ya kweli. Lolote utakalochagua nitalipokea kwa mikono miwili. Ila usininyamazie tena.

Mjomba anakusalimu, na shangazi, na wanangu wote wanaokujua kwa picha tu. Mungu akufungulie njia pale palipoziba, na akurudishe ukiwa mzima. Salamu za Mama sina, kwa kuwa hajui ninaandika. Lakini kila jioni akisali jina lako hulitaja kwanza, ndipo langu lifuate.

Ni mimi, nisiyejua kuacha kukushuku wala kukupenda,
Dada yako.