Nyumba Ambayo Hatukulala

Jumatano, Musoma. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inakatika au inaendelea. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa matope ya kijijini Buswahili, na sina nguvu ya kuvigusa. Nilichemsha chai nikaisahau mpaka ikapoa. Nimekasirika, na mtu wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikiandika hovyo kesho sitajielewa.

Kazi yangu ni kuwasimamia maafisa ustawi wa jamii wanaowahudumia wazee na wasiojiweza: walioko kwenye makazi yetu hapa mjini, na walioko majumbani huko Bunda na upande wa Butiama. Zamani tukiita kikao benchi linajaa. Upunguzaji wa wafanyakazi ulipopita uliniachia wawili. Tabitha, mwenyeji wa Guta, anashika Bunda. Magesa, mtu mpole mwenye familia yake, anashika upande wa Butiama. Mimi nashika lawama.

Miezi michache iliyopita likaja agizo kutoka juu. Bweni moja la makazi lifungwe, chakula hakitoshi, serikali haiwezi tena kumbeba kila mtu. Wazee wenye ndugu warudishwe kwao. Maneno yaliyotumika ni "kuunganishwa na familia", maneno matamu, ukiyasikia utadhani tunagawa zawadi. Mjini siku hizi maduka yamejaa. Sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia, mitumba mpaka barabarani, vitu tulivyovipangia foleni miaka ile na kurudi mikono mitupu. Sasa vipo, tunavitazama. Sangara wanaovuliwa hapa hapa Makoko wanaishia viwandani, na wazee wetu wanaletewa vichwa. Kwa hiyo najua agizo lilikotoka. Kujua hakukunisaidia kitu.

Timu yetu ilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna chuo kilichotufundisha. Mzee harudishwi kwenye nyumba mpaka mmoja wetu awe amelala pale. Si kutembelea. Kulala. Mchana kila nyumba ni nzuri: mgeni anapewa kiti kizima, watoto wananyamazishwa, kuku anakimbizwa. Ukilala ndipo unajua nani anateka maji, nani anaamka mzee akiita, na nani anajifunika shuka akijifanya hajasikia. Aliyeanzisha jambo hilo ni Tabitha. Amewahi kurudi asubuhi na kusema hapana juu ya nyumba ambayo mimi ningemkabidhi mama yangu mzazi bila wasiwasi.

Safari hii hapakuwa na posho ya kulala nje. Gari tuliliazima idara nyingine, na lilitakiwa lirudi siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kurudishwa alikuwa Bibi Nyangeta. Ni mzee mfupi, mcheshi, haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, na alikuwa akimjua kila mmoja wetu kwa mlio wa hatua zake. Mimi alikuwa akiniita "mwenye haraka". Kwa miaka yote tuliamini hana ndugu. Tulimuuliza kama ana mume, akasema alishakufa. Watoto? Hakujaliwa. Kaka, dada? Wamekwisha. Tukaridhika. Agizo lilipokuja, Magesa akakaa naye barazani akamuuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwahi kuliuliza.

"Bibi, kwani wewe hukuoaga?"

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. "Nilioa, kabisa! Ng'ombe nilitoa mwenyewe. Ni nyie hamkuniulizaga."

Mtu wa Mara hawezi kusema halijui jambo hili, ndiyo maana niliona aibu. Nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa na yule mke ni wa nyumba yake. Magesa mwenyewe amelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo. Lakini tukishakaa nyuma ya meza tunauliza maswali ya mezani, mume nani, watoto wangapi, kana kwamba tumezaliwa ofisini.

Mke wa Bibi Nyangeta anaitwa Wakuru. Ng'ombe walipoibwa, kaya ilisambaratika. Wakuru alikwenda kwao na watoto, Bibi akabaki peke yake mpaka alipoletwa kwetu. Magesa akafuatilia, akaambiwa Wakuru ameshajenga tena Buswahili, tukamtumia salamu kwamba tunakuja. Wana wake wawili wako machimboni wanatafuta dhahabu. Nilifurahi sana. Niliwaambia wenzangu kwamba hii ndiyo kazi, hapa ndipo mtu anajua kwa nini alisoma.

Tukaenda naye, mimi na Magesa. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Wakuru alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, amejitandazia kitenge kipya miguuni. Hakuinuka. Alinyoosha mikono yote miwili, Bibi akaongozwa mpaka pale, wakakumbatiana wakalia, na mimi nikalia, na dereva naye akageuka akatazama mtama. Mwanamke mmoja akatuletea maji ya kunawa, akatuletea ugali na dagaa. Nikadhani ni mkwe wa pale. Nikamtazama Wakuru alivyotulia, nikasema moyoni, huyu ndiye mwenye mji, mwenye kaya yake, hana papara.

Hakuinuka hata tulipoaga.

Niliporudi ofisini Tabitha aliniuliza kitu kimoja tu. "Nani alilala?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama anataka kulala akalale kwake, hapa tuna agizo la kutekeleza. Akachukua daftari lake akatoka. Tabitha akinyamaza ni afadhali mara mia akutukane.

Jana Magesa akaja mezani kwangu akasimama bila kukaa. Alisema amekutana na mtu wa Buswahili gulioni Butiama, na huyo mtu amemwambia tukamwangalie bibi yetu. Leo asubuhi tukapanda lori la pamba, likatushusha njia panda, tukamalizia kwa miguu katika matope.

Tulimkuta Bibi Nyangeta uani, mvua inamnyeshea, amepiga magoti anapapasa chini. Alikuwa anatafuta kuni zilizokuwa zimekauka kidogo. Akasikia hatua zetu.

"Mwenye haraka umekuja," akasema. "Karibu. Usikanyage hapo, nimeweka maji."

Ndani, Wakuru alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe. Miguu yake haifanyi kazi. Ilianza ganzi, akasema, kisha mmoja ukakataa, kisha wa pili. Siku ile tuliyokuja walimbeba majirani wakamketisha kwenye kigoda. Yule mwanamke wa maji ya kunawa alikuwa jirani, na sasa amehamia kwa mwanawe. Wale vijana wa machimboni hawajaonekana tangu kabla ya sisi kuja mara ya kwanza.

Kwa hiyo anayepika ni Bibi Nyangeta. Anayeteka maji ni yeye, kwa kufuata ukingo wa shamba kwa fimbo mpaka kwenye kisima. Anayemgeuza Wakuru ubavu, anayemsafisha, anayemlisha, ni yeye. Mikono yake ina malengelenge ya moto hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimempeleka mtu wa kutunzwa, nikampeleka kwenye nyumba inayohitaji mtunzaji, na nikarudi mjini nimejipongeza.

Usiku mmoja tu. Mmoja wetu angelala pale usiku mmoja, angeona kwamba Wakuru hasimami.

Nilimuuliza Wakuru kwa nini hakusema. Sauti yangu ilitoka ya ukali, na sikuipenda.

"Mama, ningesemaje?" akajibu. "Ng'ombe zake ndio zilinitoa kwetu. Mtu mwenye mji wake anarudi mlangoni, mimi nimwambie hakuna nafasi, rudi ulikotoka? Mwaka jana nilikuwaga nateka maji mwenyewe. Nikasema labda miguu itarudi. Nikasema labda wale vijana wakisikia bibi yao amerudi, watakuja."

Magesa alitoka nje. Nilimsikia anavunja kuni, kuni mbichi ambazo hazitawaka wiki nzima.

Nikakaa chini karibu na Bibi. Nikamwambia ajiandae, nitampigania nafasi yake, arudi makazini. Nilikuwa sijui nitaipataje lakini nilisema.

"Na huyu?"

Nikamweleza kanuni. Kwamba Wakuru si mzee bado, tena ana wana wa kiume, makazi hayapokei mtu mwenye wana. Nilieleza vizuri sana, kwa utaratibu, ninavyowaelezaga watumishi wapya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye nilimwoa," akasema. "Kwao walinikabidhi. Sasa nimwache hapa nani amgeuze?"

Nimesoma, nina cheti, nimekwenda semina mpaka Dodoma, na swali hilo la bibi asiyeona hakuna semina iliyoligusa. Nikaona na kitu kingine: yule Bibi hakuwa na huzuni. Amechoka, ameungua, amelowa, lakini makazini kwetu hakuwahi kusema kwa sauti ile. Pale ni mwenye mji. Ningemtoa kwa nguvu ningeokoa mwili wake, na sijui ningekuwa nimemfanya nini kingine. Nikimwacha, kisima kile kitamchukua siku moja, na Wakuru atalala pale anamsubiri.

Nilimwacha.

Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilichota maji nikajaza kila chombo nilichokiona, nikawapa kitenge nilichokuwa nimejifunga, nikaondoka. Magesa alifuata nyuma.

Mjini nilipitia moja kwa moja kwa mkubwa wangu, na matope yangu. Nilimweleza yote. Nikaomba wapokelewe wote wawili, au nipewe japo mtu wa kukaa nao. Alinisikiliza, si mtu mbaya, nasema kweli. Naye ana wakubwa zake wa kuwajibu. Akasema huyo mwenye wana si wetu. Bibi ana familia, na bweni lake limeshafungwa, vitanda vimepelekwa kwingine. Kisha akafurahi kidogo, akaniambia kwamba mkoa umeipenda kazi ile ya Buswahili, imekuwa mfano, kwa hiyo na wengine wafuate kabla mwezi haujaisha. Akanishukuru. Nami nikasema ahsante. Kwa nini nilisema ahsante?

Nikaenda makazini kumtafuta Tabitha, nilitaka kumwomba radhi. Nilimkuta barazani na wazee, wamejisogeza ukutani kukwepa mvua. Sikupata nafasi ya kumwomba chochote. Bibi Nyabise, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha Nyangeta, aliniona matope akajua nimetoka wapi.

"Mama, mwenzetu umemwona? Anakula? Walimpokea?"

Wote wakanigeukia. Wengine wameshika makopo ya uji, wakaacha kunywa. Nilikuwa na kweli mdomoni. Nilikuwa nayo, nimeibeba toka Buswahili. Nikatazama zile nyuso nikaona siwezi, si leo, waache wamalize uji wao kwanza.

"Wamempokea vizuri," nikasema. "Yuko na mke wake. Hata mimi amenikaribisha yeye, kama mwenye mji."

Bibi Nyabise akapiga kigelegele. Wakadakia wote, wanaume kwa wanawake, kwa zile sauti zao zilizokwisha, wakampongeza Nyangeta asiyewasikia. Mmoja alipiga kopo lake kwa kijiko. Sijawahi kuwaona na furaha ya namna hiyo tangu agizo lije, na furaha yenyewe nilikuwa nimeipika kwa uongo. Tabitha hakupiga makofi. Alikuwa anatazama matope ya viatu vyangu.

Mzee Marwa alikuwa amekaa kwenye kona. Huyu ana mpwa wake Bunda, na amekuwa akitugomea kwa wiki nyingi. Kila Tabitha akitaja habari ya kurudi, alikuwa anageukia ukuta, anasema yule mpwa atamlaza na mbuzi. Tulishaamua kumwacha hivyo hivyo, tuseme hana ndugu, tuone watatufanya nini. Ndiye pekee niliyedhani nimeweza kumkinga.

Akainuka, akaingia ndani, akakawia kidogo. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Basi na mimi niandike, mama," akasema. "Kumbe nilikuwa naogopa bure."

Akaketi kwenye benchi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, akasubiri gari. Tabitha akamwambia leo hakuna gari, baba, aingie ndani kuna baridi. Akakataa. Akasema mama ana haraka, likija ghafla asije akachelewesha watu.

Nimemwacha pale amekaa. Sasa giza limeingia, mvua bado inanyesha, na mimi nimekaa hapa na chai iliyopoa. Ni nani kati yetu atakwenda kumwambia avue lile koti, na akiuliza kwa nini, atamwambia nini?