Mgongo wa Jerop

Rongai, 3 Machi 2024

Kwa Kibii,

Habari za Olkaria? Natumaini kifua kimepoa na mnakula vizuri huko kambini. Sisi tuko wazima, isipokuwa mgongo wa Jerop. Tangu Desemba umezidi kupinda. Sketi ya shule inaning'inia upande mmoja, na akipanda kilima kidogo tu anahema kama mzee.

Juzi tulienda Nakuru kwa daktari bingwa wa uti wa mgongo, anaitwa Adero. Mwanamke mfupi, mpole. Aliweka picha kwenye taa, nikaona uti wa mtoto wangu umejikunja kama herufi S. Anasema asipopasuliwa, mapafu yatabanwa.

Nikamuuliza, "Daktari, akipasuliwa anaweza kupooza?"

"Anaweza, mama. Ni mara chache, lakini anaweza."

Jerop anataka. Mimi naogopa kutia sahihi. Ungekuwa wewe?

Dada yako,
Chepkurui

Olkaria, 9 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepona, namshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Hapa kwenye mabomba ya mvuke, mtu akiniambia kila kitu ni salama, simwamini. Anayenionyesha pale panapoweza kupasuka, huyo ndiye namfuata. Daktari hakukuficha. Tia sahihi.

Ndugu yako,
Kibii

Olkaria, 14 Aprili

Dada,

Hamjambo? Upasuaji ulikuwa Jumanne na leo ni Jumapili. Simu yako haipatikani. Nimeomba ruhusa nikanyimwa. Hata kama ni mabaya, niandikie.

Kibii

Nakuru, 16 Aprili

Ndugu yangu,

Pole kwa kukuweka roho juu. Simu iliharibika, na sikubanduka hospitalini hata kutafuta kalamu.

Waliniambia upasuaji utachukua saa tano. Zikapita nane. Daktari Adero alipotoka, alikaa kwenye benchi karibu nami, alama za barakoa bado usoni.

"Mama Jerop, tukiwa katikati, mashine inayosikiliza mishipa ya fahamu ya miguu yake ilinyamaza."

"Amepooza?" nikauliza.

"Nikalegeza vyuma vya kunyooshea uti, nikaondoa mikono, nikawaambia wote tungoje. Dakika ishirini na tano. Mguu wa kulia ukarudi, halafu wa kushoto. Ningeweza kuunyoosha mgongo zaidi, lakini nimeacha kona kidogo. Sikutaka kuichezea miguu yake tena."

Kibii, niliitazama mikono yake. Midogo, haina tofauti na yangu ya kuchambua maharagwe. Imefika mahali ambapo mimi niliyemzaa sijawahi kufika, na ikajua kukoma.

Jerop alipoamka, daktari aliinama: "Sogeza vidole vya miguu." Blanketi likatikisika. Huyo mama amepasua mamia ya watu, lakini alicheka kama ni mara yake ya kwanza kuona mguu. Mimi nilipiga magoti pale pale sakafuni.

Leo wamemsimamisha. Nilimwendea nimshike, nikakuta lazima niinue uso ndipo nimwone. Amenizidi! Akaniangalia kutoka huko juu, akasema, "Mama, kumbe una mvi."

Dada yako,
Chepkurui